Tulivyompalilia Mheshimiwa Njiani Kwenda Buffalo

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi na mmoja, vita vilipanda kwetu milimani juu ya Uvira, Kongo, ng'ombe wa baba wakachukuliwa wote, na shida yangu ikaanza hapo. Nilikuwa darasa la pili. La tatu sijaliona mpaka leo. Nimechunga ng'ombe wa watu, nimebeba magunia ya chumvi mgongoni, nimepanga foleni ya maharage kambini mpaka nywele zikawa nyeupe, na sasa ninafunga masanduku kwenye ghala moja la Okolona, hapa Louisville. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asiniulize maandishi haya yalisomea wapi. Hayakusomea.

Nyinyi wa kanisani na nyinyi wa ghalani mmeniuliza sana kilichotokea tulipokwenda Buffalo kumwombea Eliya mchumba. Wengine mmesikia kwamba polisi walitukuta tukiabudu chuma. Wengine mmesikia kwamba nilimvunjia mheshimiwa heshima ndani ya nyumba ya watu. La kwanza ni uongo. La pili someni wenyewe.

Kutoka Beechmont, mtaani kwetu

Eliya ni mtoto wangu wa kwanza. Anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo, hanywi, hagombani, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza kama mtu anayerudisha chenji ya nchi nyingine. Alikutana na Naomi kwenye mkutano wa vijana wa makanisa, na tangu siku hiyo simu yake haikupoa. Mimi na mama yake tulifurahi. Kisha tukauliza ni wa kwa nani, furaha ikapungua.

Naomi ni binti wa Mzee Simeoni wa Buffalo, mtu mpole anayefua mashuka ya hospitali. Kwa Simeoni hakuna tatizo. Tatizo ni mdogo wake, Filipo, ambaye ndiye msemaji wa nyumba ile. Filipo aliwahi kugombea ubunge kule kwetu. Alishindwa, lakini jina la Mheshimiwa alibaki nalo, kama mtu aliyeshuka kwenye basi na kiti cha watu mkononi. Vijana wawili walikuwa wameshafika pale kumwomba Naomi, na wote wawili Filipo aliwarudisha na Fanta walizoleta kama zawadi. Aliwauliza swali moja tu: katika nyumba yenu, nani aliwahi kukaa kwenye kiti? Maana yake cheo. Hawakuwa na kiti.

Sasa mimi kiti changu ni kile cha jikoni.

Eliya aliniambia tulipokuwa tunaweka mizigo kwenye gari, na siku hiyo alisema Kiswahili, nikajua mambo ni mazito: "Papa, wakikataa, mimi sitaenda kuomba kwingine."

"Utaenda," nikamwambia. "Watu wote wanaenda kwingine."

"Sitaenda, Papa."

Akawasha gari. Kutoka Louisville mpaka tukavuka mto pale Cincinnati hakula hata ndizi. Mimi nilikula zangu na zake. Mama yake alibaki nyumbani, kwa sababu kazini kwake, anakohudumia wazee, hawakumpa ruhusa, na pia kwa sababu alisema akimwona huyo Filipo atamwambia jambo.

Kwa wale ambao hawajui desturi yetu: siku ya kuomba mchumba, baba wa kijana hasemi. Anakaa kama mgeni aliyekuja kusindikiza. Anaongea msemaji. Na baba wa binti naye hasemi, anaongea wa kwao. Wazee wetu walijua kwamba baba akisema ataharibu. Kumbukeni hilo.

Columbus, barabara ya Morse

Msemaji wetu alikuwa Mzee Yakobo wa Columbus. Watu wanamchukua mpaka Texas kwenda kuwasemea. Anaweza kumsifu ng'ombe ambaye hayuko mpaka ukasikia harufu ya samadi. Tulipanga kulala kwa dada yangu Mariamu, shangazi wa Eliya, anayeishi upande wa Northland, kisha asubuhi tumbebe Yakobo na shangazi mwenyewe. Shangazi lazima aende. Ndiye anayemwangalia binti anavyotembea na anavyoshika sahani.

Dada alitupikia sombe, yale majani ya muhogo, samaki wakavu na bugali wa kutosha kambi nzima, na Eliya akakaa anaangalia sahani.

"Huyu mtoto anaumwa?" dada akauliza.

"Anaumwa Buffalo," nikasema.

"Ee, nitaenda kumwona huyo msichana. Kama ni mrembo tu bila akili, nitamwambia palepale."

"Shangazi, please," Eliya akasema.

"Please ni nini? Mimi nilikuogesha kwenye beseni ya kambi ukiwa na upele!"

Asubuhi tulipaswa kutoka mapema. Mzee Yakobo alikuwa tayari, suti nyeusi, kofia, viatu vinang'aa. Lakini fimbo hana. Fimbo yake ilibaki kwenye harusi ya Texas. Akasema msemaji bila fimbo ni mtu anayeongea tu. Bon, tukaanza kutafuta fimbo barabara ya Morse. Duka la Wasomali lina mchele, lina mazulia, lina mafuta ya ngamia, halina fimbo. Duka la Waghana lina viazi vikuu vyenye ukubwa wa mtoto, halina fimbo. Mwishowe Yakobo aliingia duka la dawa akatoka na fimbo ya wagonjwa, ile ya bati jepesi, yenye mpira chini na kitufe cha kuirefusha na kuifupisha.

"Hiyo ni ya mtu aliyevunjika nyonga," nikamwambia.

"Wao watasikia mlio," akasema. Akaigonga chini. Haikutoa mlio, kwa sababu ya ule mpira.

Hivyo ndivyo saa zetu za kwanza zilivyopotea.

Mahindi, ng'ombe na yule mtu wa kwenye chuma

Mbele ya Columbus barabara kuu ilijaa magari yamesimama kama maharage kwenye chupa. Yule mama anayesema ndani ya simu akamwambia Eliya atoke, apite njia ndogo. Tukatoka. Pande zote mbili mahindi, marefu kuliko gari, na mimi nikaanza kufurahi bila kujua kwa nini. Kisha mahindi yakaisha nikawaona. Ng'ombe. Weusi kwa weupe, wamejaa malisho yote.

"Simama," nikasema.

"Dadi, we're late," Eliya akasema.

"Mimi ndiye baba yako. Simama."

Mtamlaumu nani? Niko Amerika tangu mtoto wangu akiwa na sauti ya kitoto, na ng'ombe nilikuwa ninawaona kwenye pakiti za maziwa tu. Eliya akaegesha mahali palipokuwa na nafasi kando ya barabara. Akavaa koti lake la kazini, lile la njano linalong'aa, ili magari yasitugonge. Nikasimama kwenye waya ninawaangalia. Walikuwa wanene, safi, na hakuna hata mmoja mwenye pembe. Hata mmoja. Wamezikata zote. Nilisikia aibu kwa niaba yao.

Nilipogeuka ndipo nikaliona lile kaburi. Nasema kaburi kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoliona sisi sote wanne. Nguzo ya chuma imeinama, juu yake kibao kikubwa cha chuma chenye maandishi ya kuinuka, na majani yamepanda mpaka yanafunika nusu ya jina la mtu.

Yakobo ndiye anayesoma Kiingereza cha herufi kubwa. Akasogea, akayasukuma majani kwa fimbo ya wagonjwa, akasoma, akavua kofia.

"Ni mkubwa," akasema kwa sauti ndogo. "Kapteni. Tena jaji. Tena seneta, wa kwanza kabisa wa upande huu, jimbo hili lilipokuwa bado linaanza. Na hapa chini wamesema: Baba wa Mfereji."

"Mfereji gani?" nikauliza.

Tukaangalia kulia. Mahindi. Tukaangalia kushoto. Ng'ombe.

Sasa, katika ukoo wetu, huwezi kupita kaburi la mtu mkubwa lenye majani ukaendelea na safari. Hasa safari ya kuomba. Zamani wazee waling'oa majani, kisha wakamwambia marehemu wanakokwenda. Sisi tumeokoka, kwa hiyo marehemu hatumwambii kitu, tunamwambia Mungu. Lakini majani tunang'oa. Nikavua koti, nikapiga magoti, nikaanza. Dada akafunga kitenge vizuri akaanza upande wake. Eliya akasema kitu kwa Kiingereza, nikamwangalia, akapiga magoti yeye pia.

Gari la polisi likapita polepole. Nikaona jicho la polisi kijana aliyekuwa ndani. Akaona watu weusi wanne kando ya barabara, watatu wanang'oa majani, mmoja ameshika fimbo na kofia kifuani. Kisha akaliona koti la njano la Eliya. Akainua mkono, akasalimia, akaenda zake. Tangu nimefika nchi hii nimebeba karatasi za kila rangi kwenye bahasha, na kumbe karatasi kubwa kuliko zote ni koti la njano.

Tulipokuwa tumebakiza kidogo, akaja mama mmoja mzee wa Kizungu juu ya mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia kama kigari. Akaizima, akasema kwa furaha, na Eliya akatufasiria: "Anasema, hatimaye mmekuja."

Yakobo akanipiga kiwiko. "Mjukuu wake huyu," akasema. Akasogea mbele, akainama, akatoa ile sauti yake ya msibani. "Eliya, mwambie: Mama, pole sana. Tumeona mzee wetu amelala peke yake, tukasema hatuwezi kupita. Tunalia pamoja na nyumba yako."

Eliya akafasiri. Yule mama akatuangalia mmoja mmoja.

"Anasema, kwani nyinyi si watu wa serikali? Anasema amewapigia simu miaka na miaka waje wakinyooshe kibao."

"Mwambie sisi ni watu wa harusi," dada akasema.

Maneno yakaenda na kurudi, na Eliya alivyozidi kufasiri ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mwekundu, kadiri mtoto wa kwetu anavyoweza kuwa mwekundu. Mwishowe yule mama akacheka mpaka akashika usukani asianguke.

"Anasema hili si kaburi," Eliya akasema. "Ni kibao tu. Cha kukumbusha. Huyo mtu hayuko hapa chini. Hapa chini kuna bomba la maji."

Yakobo akarudisha kofia kichwani.

"Muulize alizikwa wapi," nikasema.

"Mji mkuu. Alipochaguliwa alikwenda huko na hakurudi."

"Na nyumba yake ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa mbali kule. Kibao kiliwekwa hapa kwa sababu kuna nafasi ya kuegesha."

"Na mfereji?"

Yule mama akajibu neno fupi. Eliya akatabasamu, mara ya kwanza tangu Louisville. "Anasema, bado wanaungoja."

Alituambia kwamba watu wa zamani wa pale walitoa mashamba yao ili mfereji upite, akina babu wa mume wake wakiwemo, na maji hayakuja wala mashamba hayakurudi. Siku ya kuzindua kibao waliletwa wapiga tarumbeta, mkubwa wa mji akasema mpaka jua likamchoma. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wala mjukuu wa yule seneta aliyesimama hapo. Majani anayakata yeye akikumbuka, na mwaka huu goti linamsumbua.

"Muulize basi, huyu mtu alifanya nini hasa?"

Yule mama akafikiri kwa haki. Kisha akasema, na Eliya akafasiri: "Aliongea vizuri sana."

Sote tukamwangalia Yakobo. Yakobo akaangalia ng'ombe.

Kabla hatujaondoka mimi na Eliya tuliisukuma ile nguzo mpaka ikasimama, kwa sababu nikianza kazi siiachi katikati, hata kama maiti hayupo. Yule mama akatujazia gunia la mahindi mabichi kutoka shambani kwake. Dada akamkumbatia. Hawakuelewana neno, wakaongea muda mrefu.

Ndani ya gari Yakobo akaanza. "Baba Eliya, umeona? Yule hakuchimba hata shimo la panya. Lakini kapteni, jaji, seneta, na leo ameandikwa kwenye chuma. Donc, cheo kinamfikisha mtu. Leo Filipo akiuliza kiti, nitakupa kiti."

"Usinipe."

"Wewe hutasema. Umesahau? Baba hasemi."

Kungojea barazani

Tulifika Buffalo jua limeshaegemea. Tulikuwa tumetegemewa mchana. Nyumba ni ya mbao, ya ghorofa mbili, na baraza mbele. Kijana wa pale akatoka na viti vinne, akavipanga. Kabla hatujakaa, sauti ikaita ndani, akavichukua vyote akarudi navyo. Hiyo ilikuwa salamu ya Mheshimiwa Filipo.

Tukasimama. Harufu ya nyama ya mbuzi inatoka dirishani, na sisi tumekula mabuyu ya duka la Wasomali tu tangu asubuhi. Pazia linafunguka kidogo, linafungwa. Dirisha la juu nalo likafunguka, nikaona uso wa msichana, nikamwona Eliya anautazama, nikaangalia pembeni. Sijawahi kumwona mtoto wangu akiogopa hivyo. Hata tulipokuwa tunakimbia vita alikuwa mdogo, aliona kama mchezo.

"Papa," akaniambia, "usiseme kitu humo ndani. Naomba."

"Mimi? Nimekaa kimya tangu Columbus."

Dada akakaa kwenye ngazi, akaanza kuyamenya yale mahindi, maganda yanaanguka kwenye baraza ya watu. Nafikiri ndiyo maana walitufungulia upesi.

Kiti

Sebule ilikuwa imejaa. Wao upande mmoja, sisi wanne kwenye sofa moja, magoti yamegusana. Mzee Simeoni alikaa pembeni, mwembamba, mikono imepauka kwa sabuni. Katikati Mheshimiwa Filipo, tai nyekundu, miguu imekunjwa.

"Nyinyi ni watu wa gesi?" akaanza. Desturi ni kujifanya hawajui tumefuata nini. "Gesi tumelipa."

"Sisi ni wasafiri," Yakobo akasema. "Tumeona nyumba yenye taa nzuri."

"Wasafiri wanafika mchana. Wezi ndio wanafika jioni."

"Mwizi haleti Fanta, Mheshimiwa."

Watu wakacheka, mambo yakaanza vizuri. Wakapigana maneno mpaka tukafika kwenye ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawako, mnajua. Lakini Yakobo aliwaingiza sebuleni mmoja mmoja, akawataja rangi, mwendo, maziwa. Filipo akamkataa mmoja kwa sababu ya kwato. Yakobo akatetea kwato. Wakabishana juu ya kwato za ng'ombe ambaye hajazaliwa mpaka mzee mmoja wa kwao akasema na yeye ameiona ile kwato, ina kasoro. Mimi nilifurahi. Eliya alikuwa ameanza kupumua.

Kisha Filipo akanyanyua mkono, sebule ikanyamaza.

"Ng'ombe tumewaona. Sasa watu. Katika nyumba ya kijana huyu, nani aliwahi kukaa kwenye kiti?"

Yakobo akasimama. Akaigonga fimbo chini. "Mheshimiwa, umeuliza vizuri. Babu wa kijana huyu alikuwa chefu, mtawala wa mlima mzima. Watu walipiga magoti kabla ya kumsemesha. Na baba yake huyu unayemwona amenyamaza, huko Louisville ghala lote la Okolona liko mkononi mwake. Wazungu wakitaka kuhamisha sanduku, wanamwuliza yeye kwanza. Hata serikali ya huko iko mbioni kumsimamishia kibao cha chuma barabarani, kwa heshima ya..."

Akaigonga tena kwa nguvu. Kitufe kikaachia, fimbo ikajifupisha mpaka kiunoni kwa mtoto, Yakobo akayumba. Hakuna aliyecheka. Kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama.

Dada akanivuta koti. Eliya akasema "Papa" kwa sauti ya mtu anayeona gari linakuja.

"Uongo," nikasema. "Baba yangu alichunga ng'ombe, wakachukuliwa, akafa akichunga wa jirani. Hakuna aliyempigia magoti isipokuwa ndama. Mimi ninafunga masanduku. Sanduku likiharibika linarudi kwangu, na hayarudi mengi. Kiti sina."

"Baba wa kijana amesema!" mtu akalia upande wao.

"Amesema, na atamaliza. Mheshimiwa, tumechelewa kwa sababu yangu. Nilisimama kuangalia ng'ombe. Tukamkuta mkubwa mmoja kwenye chuma, kapteni, jaji, seneta. Viti vitatu! Na majani yamemfika kifuani. Aliwaahidi watu maji, akaenda mji mkuu, na leo anayemkatia majani ni mama wa watu mwenye goti bovu, ambaye mtu huyo alikula shamba la kwao. Sisi wageni, ambao hatujui hata kulitaja jina lake, ndio tulimpalilia. Mtoto wangu Eliya alipiga magoti akang'oa majani ya mtu asiyemjua, kwa sababu baba yake alimwangalia tu. Huyo ndiye ninayemleta. Kama mnataka kiti, muuzeni binti yenu kwenye duka la viti."

Nikakaa. Lile la duka la viti nilijua limezidi wakati linatoka.

Filipo akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mmesikia. Baba wa kijana amesema mbele ya kikao, tena ametukana. Kikao kimekufa. Chukueni Fanta zenu."

Nikamwangalia Eliya. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na machozi yameshuka bila yeye kuyafuta, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Hapo nilijua kwa nini wazee walituzuia kusema.

Kisha sauti ndogo ikatoka pembeni.

"Hao ng'ombe," Mzee Simeoni akasema, "walikuwa na pembe?"

"Kaka, wewe husemi," Filipo akamwambia.

"Namwuliza mwenzangu. Walikuwa na pembe?"

"Hawakuwa nazo," nikasema. "Hata mmoja. Wamezikata."

"Na fahali?"

"Na fahali."

"Masikini," akasema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Rangi?"

"Weusi kwa weupe. Wanene. Lakini mmoja alikuwa na kiraka kwenye jicho la kushoto, anatembea nyuma ya wengine..."

"...kwa sababu anawahesabu," akamalizia. "Mimi nilikuwa na wa hivyo." Akaiangalia mikono yake. "Tangu nimefika Buffalo nafua mashuka. Sijui kama wako karibu na barabara. Mtu anaweza kusimama akawaona tu?"

"Unasimama. Ukiwa na koti la njano hakuna anayekuuliza."

Akacheka, na sebule ikacheka naye. Akamgeukia mdogo wake. "Filipo, kaa chini. Umesema vizuri siku zote. Lakini binti ni wangu, na siku nikifa nitataka mtu anayejua kung'oa majani."

"Desturi, kaka..."

"Desturi imevunjwa na baba wawili. Watozwe wote wawili."

Tukatozwa. Kila mmoja sanduku la Fanta, zilinunuliwa palepale na kunywewa palepale. Naomi akaitwa. Dada alimwangalia anavyotembea, anavyoshika sahani, kisha akamwambia aache sahani aje ale. Yale mahindi tuliyachoma barazani kwenye jiko la makaa. Eliya alikula mahindi mpaka nikamwonea huruma.

Tulipokuwa tunaaga, Filipo alinivuta pembeni. Nikajua ni kulipiza.

"Baba Eliya," akasema kwa sauti ya chini, "kile kibao. Mtu anapitia ofisi gani kukiomba?"

"Nafikiri kwanza lazima ufe, Mheshimiwa."

Akafikiri. "Hakuna njia nyingine?"

Kurudi

Njia ya kurudi hakuna cha kusimulia. Yakobo hakuniongelesha mpaka Cleveland. Alipoanza, aliomba ruhusa ya kuisema hotuba yangu kwenye harusi za watu, na nimesikia anaisema, na ndani yake yeye ndiye aliyesimama. Nimemwacha. Anaisema vizuri kuliko mimi.

Harusi ilikuwa Buffalo, Oktoba. Siku Eliya alipokuwa anamleta mke wake Louisville, Naomi ndiye aliyemwambia apite njia ya ng'ombe. Kibao kilikuwa kimeinama tena na majani yamerudi. Eliya aliniambia kwamba hakumwomba kitu. Alisimamisha gari tu, na alipozunguka kufungua mlango, Naomi alikuwa ameshashuka, amepiga magoti na gauni lake zuri, anang'oa. Alipiga picha ya ng'ombe wa kiraka, akamtumia Mzee Simeoni.

Mmeniuliza nimepata nini katika safari ile. Nitawaambia nilicho nacho leo, chote. Nyumba moja Beechmont, ya matofali, paa nililibadilisha mwenyewe. Gari moja, lina umri lakini linawaka. Suti mbili, kofia moja. Bustani ya maharage na mchicha wetu wa lengalenga nyuma ya nyumba. Mke mmoja, ambaye bado ana jambo la kumwambia Filipo. Watoto wanne. Fimbo ya wagonjwa, ambayo Yakobo alinipa na inanifaa nikipanda ngazi. Ng'ombe, hakuna. Kiti, kile cha jikoni. Kibao, hakuna. Mkamwana mmoja anayejua kung'oa majani.